Matone Machache Kabla Povu Halijapanda

Maziwa yakitaka kufoka hukupa nafasi. Yanavimba, unapunguza moto, yanarudi chini. Maji ya kimea, yaani yale maji matamu ya nafaka iliyooteshwa na kukaushwa ambayo hupikwa kuwa bia, hayakupi nafasi hiyo. Yatakaa kwenye moto dakika 40 yametulia, juu yake pamelala utando wa povu la rangi ya mchanga, nawe unaanza kuamini kwamba leo mambo ni shwari. Kisha ndani ya sekunde kama 10 utando ule unanyanyuka wote kwa pamoja, unafika ukingoni, na hata ukizima moto unaendelea kupanda kwa muda, kwa sababu sufuria yenyewe bado imeshika joto.

Mimi yalinipata mara ya tatu tu kupika bia nyumbani. Sufuria yangu ni ya lita 30, na siku hiyo nilikuwa nimejaza lita 27, kwa hesabu kwamba saa moja ya kuchemsha itapunguza kama lita 4 na kuniachia 23. Nusu ya nafaka yangu ilikuwa ngano. Niligeuka kufungua friza nitoe maua ya hopi, yale yanayoipa bia uchungu, na kabla sijaufunga mlango nikasikia jiko likichirizika. Povu lilikuwa linashuka ubavuni mwa sufuria, limeshauzima moto, na gesi inaendelea kutoka. Nilikimbilia kuifunga nikiwa na ndala miguuni. Mkono ulifika kwenye gesi salama, lakini mguu wa kulia ulikanyaga pale povu lilipokuwa linatua.

Maji matupu yanayochemka yanaunguza na kutiririka. Maji ya kimea yana sukari, kwa hiyo yananata mahali yalipoangukia na kuendelea kuunguza. Nilikaa na mguu chini ya bomba la maji ya baridi dakika 20, nikiangalia lita 3 au zaidi za kazi yangu zikikauka sakafuni. Ngozi ilipona baada ya wiki tatu. Jiko lilichukua siku mbili kukwangua, maana sukari iliyoungua juu ya chuma moto inakuwa kama lami.

Nayasimulia haya kwa sababu mtu anayeanza kupika bia huambiwa neno moja tu kuhusu kufoka: "Kaa macho." Mimi nilikuwa macho. Niligeuka kwa sekunde chache, na sekunde hizo zilitosha. Ushauri unaomtaka binadamu asipepese kwa saa nzima ni ushauri dhaifu, na nilitaka kupata kitu cha kunishikia povu pale jicho langu linapochoka.

Kwanza nilitaka kujua povu lenyewe linatoka wapi. Shayiri na ngano zina protini, na sehemu ya protini hizo huyeyuka ndani ya maji wakati wa kuloweka nafaka kwenye maji ya moto. Protini ina upande unaopenda maji na upande unaoyakimbia, kwa hiyo hukimbilia usoni pa maji na kuzunguka kila kiputo cha mvuke kinachotoka chini. Kiputo cha maji matupu kikifika juu hupasuka. Kiputo kilichovalishwa koti la protini hakipasuki, kinakaa, na cha pili kinakuja chini yake, na cha tatu, mpaka vinakuwa ghorofa. Ndiyo maana ngano ilinitesa kuliko shayiri pekee: ina protini nyingi zaidi, na povu lake ni zito.

Hatari kubwa iko pale mchemko unapoanza, kuanzia nyuzi joto 95 hivi hadi dakika 10 au 15 baada ya kutokota kikamilifu. Baadaye joto linazikunja protini zile, zinashikana na kuwa vipande vinavyoelea kama yai lililomiminwa kwenye supu ya moto, na koti la viputo linakosa kitambaa. Mwenye kupika anaona wazi mabadiliko hayo: povu linalegea, uso wa maji unafunguka, na maji yenyewe yanaanza kuonekana angavu katikati ya vile vipande. Ukivuka hapo umevuka kilima kikubwa. Lakini kuna vilima vingine viwili. Kimoja ni pale unapotia hopi, hasa zile zilizosagwa na kushindiliwa kuwa vidonge, kwa sababu kila chembe inakuwa mahali pa kuzalia viputo vipya. Kingine ni unga wa kimea, yaani maji ya kimea yaliyokaushwa yakawa unga. Ukiumimina juu ya maji yanayotokota, ni heri uwe umeshasimama mbali. Huo nilijifunza kuuweka moto ukiwa umezimwa, nikikoroga mpaka uyeyuke wote, ndipo nawasha tena.

Kabla ya kufika kwenye matone ya dawa ya kuzuia povu nilijaribu njia nyingi. Kupunguza moto kulizuia povu, lakini bia ile ilikuwa na harufu ya mahindi ya kuchemsha. Kimea, hasa cha rangi nyepesi, kina kitu ambacho kikipata joto hugeuka kuwa gesi yenye harufu hiyo, na gesi hiyo inatakiwa kuondoka na mvuke. Mchemko mlegevu hauiondoi vizuri. Kufunika sufuria ni vibaya zaidi: mvuke unagonga kifuniko na kurudi chini na harufu yake, halafu povu linapanda bila wewe kuliona. Kukoroga kunasaidia kwa muda uleule unaokoroga. Chupa ya kupulizia maji ya baridi inafanya kazi kweli, na bado ninayo: ukipuliza juu ya povu, mvuke ulio ndani ya viputo unapoa na viputo vinaanguka. Shida yake ni kwamba inataka mkono mmoja dakika zote zile, na mkono ukichoka umerudi kulekule. Kuweka hopi kidogo ndani ya sufuria mapema, kabla maji hayajafika kutokota, kulituliza povu kiasi, maana hopi ina mafuta na utomvu. Sufuria kubwa zaidi ingekuwa jibu zuri kuliko yote hayo, na kama unaanza leo na una uwezo, nunua kubwa. Sikuwa nao.

Dawa ya kuzuia povu nilitajiwa na mzee mmoja aliyekuwa akipika bia miaka mingi kabla yangu. Alikuja nyumbani, akatazama kovu langu, akaniuliza nimeweka matone mangapi. Nikamwambia sijaweka matone yoyote wala siyajui. Alitoa mfukoni kichupa kidogo chenye kitu cheupe kama maziwa.

"Hii ni silikoni," alisema.

Moyo wangu ulikataa palepale. Silikoni kwangu ilikuwa gundi ya kuzibia kingo za madirisha. Nilimwambia, "Mzee wangu, mimi napika bia ya maji, kimea, hopi na hamira. Sitaki kitu cha kiwandani ndani yake." Hakubishana. Aliniambia nisome kwanza, akaniachia kichupa kikiwa bado kimejaa, akaondoka. Machoni pangu kilikuwa kama kitu cha sumu. Kilikaa rafu ya juu miezi miwili.

Kilichonigeuza ni mtoto. Binti yetu alikuwa na wiki sita, analia jioni nzima kwa gesi tumboni, na tukapewa matone ya kumpa baada ya kunyonya. Usiku mmoja nikiwa nimemshika mkono mmoja na kichupa chake mkono wa pili, nikasoma lebo: simethikoni. Nikaenda kwenye rafu nikachukua kile kichupa cha mzee. Ni kitu kilekile kwa asili: mafuta ya silikoni, ambayo wanakemia huyaita polidimethilisiloksani, yaliyochanganywa na chembe laini sana za silika, madini yaliyomo kwenye mchanga, kisha vyote vikavurugwa ndani ya maji mpaka vikawa kama maziwa. Tumboni mwa mtoto yanafanya kazi ileile ya kwenye sufuria. Yanaunganisha viputo vidogo viwe vikubwa, vipasuke, hewa itoke. Hayaingii kwenye damu. Yanapita na kutoka kama yalivyoingia.

Nilikaa na jambo hilo. Mwanangu anameza kitu hiki mara nne kwa siku, nami nakikataa kwenye sufuria ya bia.

Baada ya hapo nilisoma kwa bidii. Silikoni hii inaruhusiwa kwenye vyakula, ina namba yake, E900, kwenye orodha ya viongezwa vya chakula Ulaya, na kanuni za Marekani zinaweka kikomo cha sehemu 10 kwa kila milioni kwa vyakula vingi vilivyo tayari kuliwa. Inatumika kwenye mafuta ya kukaangia na kwenye jamu inayochemshwa, kwa sababu ileile ya povu. Nikafanya hesabu ya sufuria yangu. Kichupa kiliandikwa kwamba silikoni yenyewe ni asilimia 10, na matumizi ni tone 1 kwa kila lita 2 hivi. Lita 25 ni matone 12. Tone moja ni kama sehemu ya 20 ya mililita, kwa hiyo matone 12 ni mililita 0.6, na silikoni iliyomo ni miligramu 60. Gawanya kwa lita 25 unapata miligramu 2.4 kwa lita. Hiyo ni robo ya kikomo, tena kabla hujahesabu ile inayobaki kwenye mashapo. Namshauri kila anayetumia dawa hii afanye hesabu hiyo kwa kichupa chake mwenyewe, kwa sababu vichupa vinatofautiana nguvu, na neno "matone machache" halimaanishi kitu kimoja kwa kila dawa.

Jinsi inavyofanya kazi ni jambo lililonifurahisha sana. Nilidhani dawa inapambana na protini, inaiunguza au kuibadilisha. Haifanyi hivyo. Mafuta haya hayayeyuki kwenye maji, na mvutano wa uso wake, yaani nguvu inayoukaza uso wa umajimaji usitandae, ni mdogo sana, karibu theluthi moja ya ule wa maji kwenye joto la kawaida. Kitone kidogo kikigusa ukuta wa kiputo kinatandaa juu yake kwa haraka, na kinapotandaa kinauvuta umajimaji ulio pembeni yake. Ukuta unakuwa mwembamba mahali hapo. Chembe ya silika, ambayo nayo inachukia maji, inauchoma ukuta uliokwisha kukonda. Kiputo kinapasuka, na kitone kipo palepale, kinahamia kiputo kinachofuata. Hakitumiki kikaisha mara moja. Ndiyo maana miligramu 60 zinaweza kutawala sufuria ya lita 25.

Siku ya kwanza niliyotumia, nilichagua tena bia ya ngano, ileile iliyoniunguza. Nilifunga viatu. Nikatia matone 12 maji yakiwa na nyuzi joto 80, nikakoroga, nikasimama na chupa yangu ya kupulizia mkononi kama askari. Utando wa povu ukaja kama kawaida, mwembamba. Kwenye nyuzi 95 nikajiandaa. Kwenye 98 utando ukaanza kuwa na matundu. Halafu uso wote ukafunguka, maji yakaanza kutokota kwa nguvu katikati, yanabingirika, mvuke unapanda, na povu lililobaki lilikuwa mkanda mwembamba pembeni mwa sufuria. Sikuwa nimewahi kuona maji ya kimea yakichemka hivyo, wazi kama maji ya kupikia. Sikupuliza hata mara moja. Nilipotia hopi, povu lilinyanyuka vidole viwili, likashuka lenyewe.

Mke wangu alikuja kuangalia kwa sababu jikoni kulikuwa kimya.

Mwezi uliofuata nilikosea, na makosa yangu yote yalitokana na kuridhika haraka. Mara ya kwanza sikutikisa kichupa. Mafuta yale hayakai yamechanganyika milele. Yanajitenga polepole, na kichupa kikikaa wiki tatu kinakuwa na tabaka mbili. Mimi nilidondosha matone 12 ya kilichokuwa karibu maji matupu, nikaenda kukoroga kitu kingine, na povu likafika ukingoni. Niliwahi kuzima moto. Tangu siku ile nimeandika TIKISA kwa herufi kubwa kwenye mkanda wa karatasi, nikaubandika kwenye mfuniko, ili niuguse kabla ya kufungua. Dawa inakaa kwenye jokofu, mlangoni. Haikai kwenye friza, kwani ikiganda mchanganyiko unavunjika na haurudi tena vizuri hata ukitikisa.

Mara ya pili nilizidisha. Nilikuwa na bia nzito, sufuria imejaa lita 28, nikasema matone 36 yatakuwa bima nzuri zaidi. Kwa hesabu ya juu ni kama miligramu 6.4 kwa lita, bado chini ya kikomo, lakini hakukuwa na sababu yoyote. Povu lilizuiwa sawasawa na vile ambavyo matone 14 yangelizuia. Faida ya ziada sikuiona. Nilichokiona ni utelezi pembeni mwa ndoo ya kuchachushia, mstari wa mafuta ambao maji baridi hayakuutoa. Niliuosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu. Na sufuria iliyojaa mpaka ukingoni ilinifundisha jambo jingine siku hiyohiyo: dawa inazuia povu, haizuii maji. Maji yakichemka kwa nguvu yanaruka, na ukibakiza nafasi ya vidole viwili tu yatamwagika bila povu hata kidogo. Siku hizi sizidishi lita 26 kwenye sufuria ya 30, matone yawepo yasiwepo.

Sasa nifike kwenye hofu ambayo kila mtu ninayemtajia dawa hii ananirudishia, na ambayo hata mimi nilikuwa nayo. Bia inapendwa na kichwa chake. Ukimimina glasi, unataka povu jeupe, zito, linaloacha alama kwenye kioo kila unapokunywa. Sasa kitu kinachoua povu kwenye sufuria si kitaliua kwenye glasi? Swali hili ni la haki, na sikutaka kulijibu kwa maneno ya kusoma.

Nilipika mara moja lita 20 bila dawa yoyote, kwa chupa ya kupulizia na subira. Maji yalipopoa niliyagawa kwenye ndoo mbili, lita 10 kila moja, hamira ileile kwa kipimo kilekile. Ndoo moja nikatia matone 5, nyingine sikutia kitu. Niliziweka pembeni kwa pembeni, nyuzi joto 19. Ile isiyo na matone ilipandisha povu zito la hamira likafika kwenye kifuniko. Ile yenye matone ilikuwa na utando wa kidole kimoja tu. Baada ya wiki mbili nilipima zote kwa haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, zikasoma sawa. Nikaziacha siku nne zaidi zitulie, nikajaza chupa, nikazipa wiki tatu za kushika gesi. Kisha nikamimina glasi mbili zilizooshwa kwa namna moja na kusuuzwa vizuri, kwa sababu mafuta au sabuni kwenye glasi ni adui wa povu kuliko tone lolote la silikoni. Nikaweka saa. Vichwa vyote viwili vilisimama, na vikashuka kwa mwendo mmoja. Nikamwita mke wangu, nikageuza glasi bila kumwambia ipi ni ipi. Akachagua ile yenye matone kuwa ndiyo yenye povu zuri.

Simchukulii yeye kama mizani ya maabara, lakini nilielewa kwa nini povu halikufa. Silikoni haiyeyuki. Hamira inapomaliza kazi na kuzama, mafuta yale yanazama nayo, yamegandamana na seli zake, na mashapo ya protini na hopi, na kuta za ndoo. Unapohamisha bia iliyotulia unayaacha chini. Na zaidi ya hapo, zile protini zinazojenga kichwa cha bia zinaharibika kiasi zikishapanda kwenye povu na kukaukia juu ya kuta. Povu lote lile linaloganda kwenye kifuniko cha ndoo ni kichwa cha bia kilichopotea kabla ya glasi. Uchungu wa hopi nao hupenda kunata kwenye povu la hamira. Povu likikaa chini, uchungu mwingi zaidi unabaki ndani ya bia, na baadaye niliuona ulimini: bia zenye dawa kwenye uchachushaji zilikuja na uchungu ulio mkali kidogo kuliko nilivyozoea kwa kipimo kilekile cha hopi.

Bia moja tu ilinipa kichwa dhaifu, na ilikuwa ile ya matone 36, ambayo pia niliijaza kwenye chupa mapema, ikiwa bado na ukungu wa hamira. Nilichukua mashapo na kila kilichokuwa ndani yake. Kipimo kidogo na subira ya kutulia vinakwenda pamoja. Ukiacha kimoja unakitegemea kingine kupita kiasi.

Jaribio la ndoo mbili lilinifungulia matumizi mengine ambayo leo nayathamini kuliko hata ya kwenye sufuria. Nina ndoo ya lita 23, na bia ya lita 20 yenye hamira ya nguvu ilikuwa ikipanda mpaka kwenye kizibo cha kupumulia. Povu likishaziba tundu lile, gesi inakosa njia. Asubuhi moja niliamka nikakuta kifuniko kiko upande wa pili wa chumba na hopi zimenata kwenye dari. Siku hizi bia inayotarajiwa kuchachuka kwa fujo napunguza kelele zake kwa matone 10 pale ninapotia hamira, na ndoo inakaa ndani ya nafasi yake.

Hapo nina onyo. Wapo wapishi wanaovuna hamira kutoka juu, kwenye povu, kwa ajili ya bia inayofuata. Ukiwa mmoja wao usitie dawa kwenye ndoo, maana povu ndilo shamba lako. Na kama umezoea kujua hali ya uchachushaji kwa kutazama povu likipanda na kushuka, macho yako yatakudanganya. Nilidhani bia moja imelala kwa sababu juu yake hapakuwa na kitu, nikakaribia kuitia hamira nyingine. Haidromita ilisema imeshamaliza zaidi ya nusu ya safari.

Mahali pengine ambapo tone moja linaokoa ni kwenye chupa ya kioo ya kukuzia hamira. Chupa hizi zina tumbo pana na shingo nyembamba. Mimi huchemsha lita 1 ya maji na gramu 100 za unga wa kimea ndani ya chupa ya lita 2, na umbo lile ni mtego: povu likiingia shingoni linabanwa na kuruka juu kama chemchemi. Mara mbili nilisafisha kuta kwa sababu hiyo. Tone moja, maji yangali baridi, na kimea kinachemka kwa utulivu. Hamira ikishaingia tone lilelile linaendelea kulizuia povu lisitoke shingoni wakati sumaku iliyo ndani ya chupa inaizungusha hamira.

Yule mzee alipokuja tena nilimrudishia kichupa chake kikiwa na robo, pamoja na kipya nilichonunua. Akachukua kipya, akaniachia robo. Akaniuliza swali moja tu, kama bado nasimama karibu na sufuria. Nikamwambia nasimama. Mchemko ukianza siondoki mpaka uso wa maji ufunguke na vile vipande vya protini vianze kuzunguka, na hopi zangu huwa nimeshazipima na kuziweka mezani kwenye vibakuli kabla sijawasha moto, ili friza lisiniite. Chupa ya kupulizia iko mkono wa kulia. Viatu vimefungwa.

Wiki iliyopita mdogo wangu alipika kwa mara ya kwanza, kwenye sufuria ndogo kuliko yangu, na nilikwenda kusimama naye. Nilimwonyesha mguu wangu. Nikampa kichupa akitikise mwenyewe, nikamwacha ahesabu matone kwa sauti, mpaka saba. Kwenye nyuzi joto 97 alirudi nyuma hatua moja, kama nilivyokuwa nikifanya. Povu likapata matundu, likafunguka, na maji yakaanza kubingirika. Alichungulia ndani, akaniuliza kama tayari anaweza kutia hopi. Nilimwambia asubiri dakika 10 kwanza, vipande vionekane.